Mnunuzi wa Bweni la Nne

Choo cha Bweni la Nne kilikuwa kinanuka. Kwa shule nyingine hilo lisingekuwa jambo la kumsimamisha mtu langoni, lakini shule ya wasichana ya Tudun Kaya ilikuwa imefungwa kwa miaka, hakuna aliyekula humo wala kujisaidia humo, hata mbuzi wa mji walikuwa wameacha kuingia. Upepo mkavu wa jangwani ulikuwa umekausha visima na kupasua midomo ya watu. Na bado, Yagana aliposhuka kwenye pikipiki, harufu ilimfikia ikiwa mbichi na yenye majimaji, kana kwamba mtu ametoka chooni sasa hivi na hakumwaga maji.

Aliwatazama wenzake. Walikuwa wanakumbatiana, wanacheka, wanarekebishana vitenge vya sare walivyoshonewa kwa siku hii. Hakuna aliyeziba pua. Hapo akajua kwamba harufu ile imemjia yeye peke yake, maana hakuwa mgeni nayo. Alikuwa ameinusa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwenye shingo ya mtoto mchanga.

Akaweka mkono juu ya tumbo lake, lililokuwa limeingia mwezi wa nane, akapita getini.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya Hajiya Takko. Mume wake ndiye aliyepewa kazi ya kuibomoa shule na kujenga jengo la maduka, na Hajiya akaona ni vizuri wenzake waliosoma naye wapate siku moja ya kuaga. Kuaga nini, hakuna aliyeuliza. Mji ule ulikuwa na maduka mengi kuliko wateja, na wasichana wake walikuwa wanasomea chini ya turubai nyuma ya zahanati, lakini wanawake waliofundishwa kusoma na kuandika kwenye madarasa yale yale walikaa juu ya mazulia uwanjani, wakatafuna nyama kavu ya pilipili, wakanywa sharubati ya zobo, na mume wa Hajiya alipotajwa wakapiga makofi. Yagana alitaka kutapika, na haikuwa kwa sababu ya mimba.

Takko alikuwa anapigwa picha. Shela lake lilikuwa limesogezwa nyuma kwa makusudi, ili watu waione mali yake: misuko miwili mizito iliyopita kiuno, myeusi, yenye kung'aa kama imepakwa samli. Alipomwona Yagana alifungua mikono.

"Haya, mtumwa wangu kafika," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nani kamfungulia mlango huyu? Mtama nani anatwanga huko nyumbani?"

Wanawake wakacheka na kugeuka kusubiri jibu. Takko ni Mfulani na Yagana ni Mkanuri, na makabila hayo mawili ni watani tangu babu wa babu zao. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, humnyang'anya chakula mkononi, humtukana msibani, na hakuna kukasirika. Tangu shule wawili hawa walikuwa wanapigana kwa maneno mpaka watu wanashika mbavu. Lakini leo Yagana alisema salamu tu, akapita.

"Ana mimba ya kiburi," Takko akasema, na wakacheka tena.

Yagana alimtafuta Larai. Larai alikuwa Mhausa, muuguzi, mwanamke mwembamba asiyeweza kukaa bila kushika kitu mkononi, na shuleni vitanda vyao vilikuwa vimepakana. Alimvuta kando, nyuma ya tangi la maji, akamuuliza kama anakumbuka ile siku ya mnada chooni.

Larai alianza kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake.

Ilikuwa hivi. Kidato cha pili, Takko alikuwa na mapunye. Kichwa chake kilikuwa na mabaka ya upele, nywele zimebaki vishungi vishungi, na Yagana, kwa haki ya utani, alimwita tikiti lililong'atwa na panya. Mchana mmoja wa joto, wasichana wamejazana chooni kuoga, Takko alichoka. Akasimama juu ya shimo la mwisho, lile lililosemwa lina mwenyewe, akainamia tundu na kutangaza kwamba ana mtumwa wa Kikanuri anamuuza, meno yote yapo, kazi anajua. Bei yake nywele. Larai akajifanya dalali. Akawa anatega sikio shimoni na kusema mnunuzi ameongeza, bado, ongeza tena, mpaka wasichana wakawa hawawezi kusimama kwa kicheko. Kisha Takko akapiga kofi kwa viganja vyake, kama wafanyavyo sokoni, akasema lile neno ambalo mwenye kuuza akishalisema hakuna tena kurudi nyuma, hata baba yake angekuja kuongeza mara mbili.

"Nimekuachia."

Shimo likatoa povu. Wakakimbia huku wanacheka. Muhula ule ule nywele za Takko zilianza kuota.

"Ulikuwa utani," Larai alinong'ona.

"Yule alijuaje kama ni utani?"

Akamweleza yaliyobaki. Mtoto wa kwanza, wa kike, alifariki kabla ya siku ya saba, hajapewa jina. Wa pili, wa kiume, vivyo hivyo. Hospitali walisema moyo, kisha wakasema damu, kisha wakanyamaza. Wote wawili walikuwa wanatoa harufu ya choo shingoni, na hata aliyewaosha kwa ajili ya kaburi aliisikia, akajifanya hasikii. Mwishowe Yagana alikwenda kwa mama mmoja wa Gashua, mganga mwenye majini yake ambaye watu humcheka mchana na kumfuata wakipatwa. Mama yule alimnusa kiganja, akakirudisha kama anayerudisha nguo ya mtu. Alisema, hujalogwa wewe, umenunuliwa. Mtoto wa mtumwa ni wa nani? Yagana alikuwa mwalimu wa historia; jibu la swali lile alilifundisha kila mwaka. Mtoto wa mtumwa ni wa bwana. Na nyumba ya bwana huyo, mama akasema, inabomolewa wiki ijayo. Atahama, na akihama atataka kwenda na kila kilicho chake. Mtafute aliyekuuza, na dalali wake, mwende mkamwambie mnunuzi biashara ilikuwa batili. Na iwe kweli batili, maana majini hawadanganywi.

Larai alikuwa anakunja na kukunjua pindo la shela lake. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mliniuza?"

Takko hakukataa kwenda. Hapakuwa na namna ya kukataa mbele za watu, baada ya Yagana kumwambia kwa sauti kwamba Mfulani akiogopa choo basi asijidai kuongoza ng'ombe. Wengine walikuwa wanatandika mikeka kwa ajili ya adhuhuri. Jua lilikuwa utosini. Wale watatu wakapita nyuma ya bweni, Takko akikusanya gauni lake asichafuke, akisema haya, tupige picha ya shimo basi, tumalize.

Ndani palikuwa pakavu. Kuta zilikuwa na majina ya wasichana yaliyokwaruzwa kwa misumari, na vumbi lilikuwa limejaa kila tundu hadi juu. Ila la mwisho. La mwisho lilikuwa na maji, na kuzunguka mdomo wake palikuwa na nywele.

Kila mmoja wao alizijua. Nyumbani nywele zinazotoka kwenye kitana huzikwa, asije mtu akaziokota. Bwenini hapakuwa na pa kuzika, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi wasichana walizifinyanga vidonge na kuzitumbukiza humo, pamoja na vitambaa vya damu, na makoko ya uji, na matapishi ya usiku wa kuugua. Sasa zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kinene, kinachong'aa mafuta, na kitu hicho kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyeshiba akalala.

Larai alisema bismillahi, na ulimi ukamkauka katikati.

"Takko," Yagana alisema, "mwambie mnarudishiana. Hilo tu. Mwambie achukue bei yake na mimi aniache."

Takko aliliangalia shimo kwa muda mrefu, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye msuko na kuushika. Hapo Yagana aliona kitu ambacho hakukitegemea, na kilimchukiza kuliko kile kinyama cha nywele. Takko hakushangaa. Alikuwa anajua. Miaka yote hii, kila alipojitazama kwenye kioo, alikuwa anajua.

"Watoto hufa, Yagana," alisema kwa upole. "Ni mipango ya Mungu. Usiniletee ushirikina, mimi nimehiji."

Na ndipo kile kitu kikaacha kupumua.

Palitoka sauti kama ya mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa, ndefu, isiyo na haraka, na baada yake harufu ikapanda, na safari hii wote watatu waliisikia, kwa maana Larai aliinama na kutapika zobo nyekundu kwenye vumbi, na lile tapishi halikunywewa na vumbi bali lilitambaa, likajikusanya, likaelekea shimoni kama mbwa aliyeitwa jina lake, na nywele zikalipokea na kulilamba, kisha zikatulia, na kutoka chini yake kukaja maneno kwa sauti za wasichana, sauti nyingi zilizobanana, sauti za wote waliowahi kujifungia humo wakalia.

"Dalali amekuja," zilisema. "Muuzaji amekuja. Na mali imekuja, tena na kilichomo ndani yake. Nina safari mimi. Tuagane."

Maumivu yalimkata Yagana kiunoni. Mtoto alijigeuza na kushuka, kama anavutwa miguu, na kitu cha moto kikamtiririka mapajani, na harufu yake ilikuwa ya shimo. Alishika ukuta, vidole vikaingia kwenye jina la mtu. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alizungumza polepole, kama anavyozungumza na darasa la watundu.

"Bwana mnunuzi, ulitapeliwa. Uliuziwa kitu na mtu ambaye si mwenyewe."

"Alisema nimekuachia. Dalali alisikia?"

Larai alikuwa amejifuta mdomo kwa mkono, machozi yanamtoka. "Nilisikia."

"Basi."

"Muulize dalali jambo moja zaidi," Yagana alisema. "Mkanuri na Mfulani, nani mtumwa wa nani?"

Mafuta yalidondoka mahali. "Kila mmoja ni wa mwenzake," Larai alisema. "Ni utani. Mpaka mmoja akasirike. Akikasirika ndiyo ameshindwa, huyo ndiye mtumwa, na cha kwake chote ni cha mwenzake hadi ajikomboe."

"Na mtumwa anaweza kumuuza bwana wake?"

"Hawezi."

Nywele zilijikunja, zikawaza. "Nani amekasirika?" ziliuliza zile sauti.

"Bado," Larai alisema.

"Basi harakisheni."

Wakatazamana, Yagana na Takko, na wote wawili wakaelewa. Hakuna mwanamke duniani aliyekuwa na haki ya kukasirika mchana ule kuliko Yagana, na akikasirika amekwisha, yeye na aliye tumboni. Takko naye alitabasamu. Angeweza kutoka mlangoni, lakini aliona pana njia fupi zaidi ya kubaki na nywele zake.

"Mtumwa gani wewe," alianza, kwa ile sauti tamu ya uwanjani, "hata kuzaa hujui? Wenzako wanazaa wanabeba mgongoni, wewe unazaa unapeleka makaburini. Wale wawili uliwafunga na kitambaa au uliwatupa hivi hivi, kama takataka?"

Larai alitoa sauti ya mtu aliyechomwa. Yagana aliona weupe mbele ya macho yake. Aliona vile vitanda viwili vidogo, kile kilemba cha kike ambacho hakikuvaliwa. Alihisi hasira inapanda kutoka kwenye nyayo, hasira safi, ya haki, hasira ambayo mahakama yoyote ingeikubali. Na mtoto akashuka tena, na kile kitu shimoni kikanyanyua mdomo wake. Akafungua kinywa. Akacheka.

Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu kama upepo wa nje, lakini kilikuwa kicheko.

"Tikiti limesema," alisema. "Si ulikuwa unajificha chini ya kitanda, tikiti, panya wasikumalize? Njoo nikukague. Eeh, jamani. Larai, mnuse huyu. Mumewe akimlalia begani usiku analala kweli, au anakwenda kupumulia dirishani?"

"Nyamaza," Takko alisema.

"Hapana, nauliza kama bwana wako, nina haki ya kujua afya ya mifugo yangu. Mji mzima unajua Alhaji wako kamjengea mke mdogo upande upepo unakotokea. Tulidhani ni kwa ajili ya jua. Kumbe maskini ya Mungu anatafuta hewa. Analala na choo cha Bweni la Nne, amekisuka misuko miwili, anakivisha dhahabu—"

Kofi la Takko lilimpata shavuni, kwa nguvu, pete ikamchana. "Mbwa wewe," Takko alipiga kelele, "mbwa, mbwa, mtumwa wa Kikanuri," na hakukuwa na utani hata kidogo ndani yake.

Larai aliinua kidole, kama dalali kweli. "Amekasirika," alisema.

Halafu haikuchukua muda. Takko alinyamaza ghafla na kushika kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa kinatembea. Misuko ilijifungua yenyewe, uzi baada ya uzi, ikawa na maji, ikawa na upele, ikadondosha usaha wa miaka yote juu ya shela la hariri, kisha ikaanza kutoka kwenye ngozi kwa mlio mdogo laini kama wa mtu anayenyonyoa kuku aliyelowekwa, ikashuka shingoni, ikashuka kifuani, ikapita mdomoni mwake alipoufungua kulia, ikatambaa sakafuni kwa fungu moja refu lenye kunata na kuingia shimoni, na shimo likafunga mdomo juu yake, likameza. Takko alibaki amekaa kwenye vumbi, kichwa chake chekundu kina mabaka, ameshika mikono mitupu.

Maumivu ya Yagana yalikatika. Mtoto alipiga teke, juu, mahali pake.

Uwanjani waliadhini. Walipotoka chooni, walimfunika Takko kwa shela la Larai. Yagana ndiye aliyemshika mkono wa kulia, kwa sababu mwenzake alikuwa hawezi kuona njia kwa machozi. Larai aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe, kwamba sasa yule mnunuzi, hana nyumba, hana mali, atahamia wapi. Wiki iliyofuata tingatinga liliingia, na watu walisema Hajiya Takko ameugua ngozi, anatibiwa Kairo.

Mtoto alikuwa wa kike. Alifika siku ya saba.

Nyumba ya Yagana ilijaa tangu alfajiri. Kinyozi alimnyoa mtoto kichwa, na Yagana, kabla hajaruhusu nywele zile zizikwe, alizichukua kiganjani, akazinusa mbele za watu bila haya. Zilinuka maziwa na mafuta ya karanga. Imamu akatangaza jina, Kellu, na Yagana alilia mpaka wifi zake wakamcheka.

Kisha wakaja watani. Ni desturi, hakuna siku ya jina isiyo na watani. Bibi Kumbo, kizee wa Kifulani wa nyumba ya pili, asiye na jino wala ubaya na mtu, aliingia akicheza, akamnyakua mtoto kwenye mkeka, akamwinua juu ya kichwa. Haya, mtumwa mpya huyo. Ana macho, ana masikio, shingo ya kubebea maji. Nani ananunua? Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akasema anatoa chumvi. Mwingine akasema anatoa kuku kilema. Bibi akatega sikio huku na huku, haitoshi, ongezeni, mama yake atadhani mtoto wake hana thamani, na watu wanacheka, na Yagana, aliyekuwa anapokea bakuli la uji mlangoni, aligeuka akaona kile kizee kimemhamishia mtoto mkono mmoja, ili mkono wa pili upate kupiga kofi la kumaliza biashara.

Aliruka mikeka. Uji ulimwagika. Akambana Bibi Kumbo mdomo kwa kiganja chake chote, mwanamke wa umri wa nyanya yake, mbele ya wakwe, kwa nguvu hata akahisi ufizi.

Vicheko vikakatika. Watu walimtazama Yagana kama anavyotazamwa mwendawazimu. Wifi mkubwa alinyanyuka kumtoa ile aibu, akasita, akakunja pua, akageuza uso kuelekea bafuni.

Na katika ukimya ule, kutoka kwenye tundu la maji machafu, mtu akafyonza taratibu, kama anayekula uboho, kisha akakohoa kidogo, kwa adabu, kama mnunuzi anayeongeza bei.